Mgongo wa Kabwe na Milango Kumi na Mitano

King'ora cha kampuni kililia alfajiri. Katika kambi yetu, hapa Lubumbashi, milango ilifunguka mmoja mmoja. Wanaume walitoka na kofia zao za kazi. Wanawake waliwasha mbabula, yale majiko ya bati, na moshi wa makaa ukajaa uani. Mimi, Kabwe, mfanyakazi wa tanuru la shaba, nilibaki kitandani nikihesabu mabati ya paa.

Ilikuwa mwaka 1973. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, mikono ya kubeba na mdomo wa kujisifu. Sasa ilikuwa wiki ya sita nimelala chali. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja mpaka kidole kikubwa cha mguu. Nikikohoa, moto. Nikicheka, moto. Bahati nzuri sikuwa na la kucheka.

Nkandu, mke wangu, aliniletea beseni la maji. Tuna binti mmoja, Kalenga, kwa hiyo Nkandu huniita Baba Kalenga. Mpaka wakati ule, hata akiwa na hasira, hakuwahi kuniita kwa jina langu tupu.

"Baba Kalenga, geuka nikunawishe."

"Acha, nitanawa mwenyewe."

"Utanawa na nini? Na macho?"

Akaninawisha. Mwanaume mzima, nikageuzwa huku na huku kama mtoto mchanga. Niliona haya. Lakini haya hiyo ilikuwa ndogo. Kulikuwa na haya nyingine, kubwa, na hiyo niliifungia ndani kabisa.

Kila mtu aliniuliza maumivu yalianza namna gani. Nilijibu, "Niliamka tu nayo." Huo ulikuwa uongo. Na uongo huo ulimwangukia Nkandu.

Kwetu watu wengi waliamini hivi: mwanaume akivunjika bila sababu, sababu ni mke wake. Ametembea nje. Na yule mwanaume hatapona mpaka mke ataje jina la mtu aliyetembea naye. Dada yangu mkubwa, Yaya Chanda, alitoka Kasungami, nje ya mji, na fikira hiyo kichwani. Kwanza alileta mtu wa kunichanja kwa wembe. Kisha akaleta mtu mwingine, mnene, akanikanyaga mgongo kwa miguu miwili. Nililia mpaka majirani wakafungua madirisha. Mguu ukazidi kuungua. Ndipo Yaya akamgeukia Nkandu.

"Nkandu, taja jina."

"Jina ya nani, Yaya?"

"Unamujua. Ndugu yangu anaoza mu kitanda juu yako. Siku ya Mungu, jamaa yote itaikala hapa. Kama hautaji, utarudia kwenu Kipushi."

Nkandu alinitazama. Alingoja niseme neno. Nami nikageuza uso ukutani. Mpaka leo nikikumbuka ukuta ule, nasikia haya.

Jumatano yake munganga, yaani daktari wa kampuni, alinituma kwa kine, yaani mtu anayetibu kwa mazoezi ya viungo. Nkandu alinishika mkono njia yote. Nilifikiri nitakuta mzee mwenye mvi. Kumbe alikuwa msichana aliyevaa blauzi nyeupe, Citoyenne Chileshe, yaani Mwananchi Chileshe, kama serikali ilivyotaka tuitane. Angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Akanilaza, akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka, nikapiga kelele.

"Ilianza namna gani, Citoyen Kabwe?"

"Niliamuka tu nayo."

"Hmm. Wakati ingine inaanzaka vile, polepole. Lakini bengi banakuya hapa juu ya kubeba kintu ya uzito, mugongo imeinama na kugeuka. Mi siko polisi. Lakini kama sijue namna uliumia, nitakufundisha namna gani usiumie tena?"

Nkandu ndiye aliyesema.

"Madame, bibi ya muntu anaweza kumuletea bugonjwa hii? Kama bantu banasema ametembea inje?"

Chileshe aliweka chini kalamu yake. "Hapana, Mama. Hata kidogo. Nani anasema vile?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Sikieni basi," Chileshe akasema. "Kati ya mifupa ya mugongo muko tumito tudogo, sawa mito ya kulalia. Ndani ya kila muto muko kintu ya teketeke. Sasa ukamate tonge ya bukari, utie muchuzi mu kati. Ukiiminya sana mbele, muchuzi unatokea wapi?"

"Nyuma," nikasema.

"Njo vile. Kile kintu ya teketeke kimetokea nyuma, kinafinya mushipa ya mugulu. Njo maana mugulu inaungua, na haina hata kidonda."

"Batanipasua?"

"Bengi banapona bila kisu. Mwili yenyewe inarekebisha, polepole. Ni wiki na miezi, haina siku mbili. Lakini kulala wiki sita, aba! Siku mbili tatu, sawa. Kisha unaamuka. Na muntu asikukanyake tena."

Kisha akaniuliza kama ninakojoa vizuri. Mbele ya mke wangu! Akaniuliza pia kama nimekufa ganzi huku chini, kati ya mapaja. Nikatazama madirisha.

"Citoyen, hii haina maneno ya haya. Kama kojo inakatala kutoka ao inatoka yenyewe, kama ulikufa ganzi pale, ao miguu inapoteza nguvu, unakimbia ku lopitali siku ile ile. Ukichelewa juu ya haya, utabaki kilema."

"Hapana," nikajibu. "Hiyo hapana." Na hapo nilisema kweli.

Akanifundisha. Nilale kifudifudi, nitulie, kisha nijiinue kwa viwiko. Nikizoea, nijiinue kwa viganja, nyonga zikibaki chini kwenye mkeka. Mara kumi, mara kadhaa kwa siku. "Angalia maumivu yako," alisema. "Ikitoka ku mugulu, ikapanda kuikala mu kiuno, ni muzuri, endelea. Ikishuka ku mugulu, acha." Zoezi jingine ni kulala chali, magoti juu, kukaza tumbo na kuinua matako. Nisikae muda mrefu kwenye kiti kifupi. Na nitembee. Dakika tano kwanza, mara nyingi, kisha kuongeza kidogo kidogo.

Kesho yake Nkandu alitandika mkeka uani, mahali penye kivuli. Ndani hamkuwa na nafasi ya kujinyoosha. Alipiga magoti kando yangu akahesabu, "Moja, mbili, tatu." Nilipoanza kuinua matako, wanawake wa lupango ya jirani, yaani kiwanja cha pili, walisimama kwenye uzio.

"Mama Kalenga! Unamufundisha kazi gani ule bwana?" akauliza Mama Albertine, jirani wa kwanza.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilifunga macho. Nkandu aliendelea kuhesabu. Wale wale walimcheka yeye kisimani, walimwita mke wa njiani, naye alikuwa anahesabu mazoezi yangu. Siku ya tatu moto ulitoka kidoleni ukapanda mpaka kwenye goti. Nilipaswa kufurahi. Nililia. Nkandu alidhani ni maumivu, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

Jumapili, siku ile ya Mungu, wakaja. Watu tisa wa jamaa, na Mwape, rafiki yangu wa kazini, ambaye Yaya Chanda alimwita awe shahidi. Maskini Mwape! Alikaa karibu na mlango akitazama viatu vyake. Mimi nililala kwenye mkeka sebuleni, meza ikiwa imetolewa nje. Mzigo wa nguo za Nkandu ulikuwa umefungwa tayari, sijui aliufunga nani.

"Mara ya mwisho," Yaya akasema. "Nkandu, jina."

"Siko na jina ya kutaja, Yaya."

"Basi amuka, uende."

Nkandu akasimama. Hakunitazama safari hii. Hilo ndilo lililonichoma. Nikageuka ubavu, nikakunja magoti, nikasukuma sakafu kwa mkono, kama Chileshe alivyonifundisha. Nikasimama mwenyewe. Watu wakaguna kwa mshangao.

"Jina iko," nikasema. "Nitaitaja mimi."

Yaya Chanda akainama mbele. "Sema, ndugu yangu."

"Frigo."

"Nani?"

"Frigo, Yaya. Frigo ya petroli."

Nikawaeleza yote. Jumamosi niliyoumia tulifanya salongo, kazi ya lazima ya umma, tukasafisha mifereji ya barabara. Kisha mimi na Mwape tukaingia kwenye baa. Mwenye baa, mjane kijana, alitafuta wanaume wanne wa kusogeza frigo yake, friji ya mafuta ya taa, iliyojaa chupa. Nikasema, wanne wa nini? Nilitaka anione. Nikaikumbatia peke yangu, nikainama, nikaigeuza. Kiuno kikalia *ka!* Usiku Mwape alinileta nyumbani, Nkandu akiwa amelala; nikamwomba Mwape asiseme.

"Ni kweli," Mwape akaviambia viatu vyake.

"Nkandu hakutembea inje," nikasema. "Mimi njo nilikuwa inje, na macho yangu yote."

Hakuna aliyecheka. Yaya Chanda alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Nkandu alifungua mzigo wake, akapanga nguo sandukuni moja moja. Kisha akasimama mbele yangu.

"Kabwe," alisema. Jina langu tupu. Miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kuliita hivyo. "Kine alisema utembee?"

"Ndiyo."

"Utatembea. Uongo yako ilipita mu kila mulango ya avenue hii. Milango ni kumi na mine. Kesho utafika ku moja. Kisha ku mibili. Na kila mulango utasema vile umesema hapa."

"Nkandu, nitaonyesha uso wangu wapi?"

"Pale nilikuwa naonyesha wangu."

Basi nikatembea. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Albertine. Hatua hamsini tu, lakini nilifika na jasho. Nikasema, "Mama, mgongo wangu uliharibiwa na frigo nikijionyesha kwa mwanamke mwingine. Mke wangu hana neno." Aliniangalia, mkono mdomoni. Mara hii hakucheka. Alisema, "Nilimuita majina mubaya, mi," akaenda kumtafuta Nkandu.

Mlango wa tatu, mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Wa sita, walinifungia. Siku nyingine maumivu yalishuka tena mguuni, nikasimama, nikapumzika, nikarudi. Chileshe alisema siku mbaya zipo, si kosa. Kila wiki alinitazama, akaongeza zoezi. Nilipokwisha kumwambia habari ya frigo, hakunicheka. Alinipa kreti tupu akanifundisha kuinua: kuikaribia, kupiga magoti, kifua mbele, kuibana kifuani, kusimama kwa nguvu ya miguu. Kugeuka ni kwa miguu, si kwa kiuno. "Na kama ni ya bantu bane," alisema akionyesha vidole vinne, "unaita bane."

Siku nilipofika mlango wa kumi na nne, nilikuwa natembea nusu saa bila kusimama. Katika mwezi wa nne wa mazoezi nilirudi kazini, kwanza kazi nyepesi. Nilifikiri nimemaliza.

"Bado moja," Nkandu akasema. "Kasungami. Yaya alisema kule pia." Alikuwa ananipikia, ananihesabia, lakini kwake bado nilikuwa Kabwe.

Tukaenda Jumamosi moja mchana. Tulipanda kamioni, lori la mizigo, sehemu ya njia; iliyobaki tukatembea katikati ya mashamba ya mahindi, tukipumzika mara tatu. Yaya Chanda alituona kwa mbali. Akatoa kiti kifupi.

"Kile ni kifupi sana kwa mugongo, Yaya," nikasema. "Nitasimama. Uite majirani."

Akawaita. Watu kama ishirini, wengi wanawake wa kanisa lake. Nikasema maneno yangu ya mara ya kumi na tano. Hayakuwa mepesi. Mbele ya dada aliyenilea, yalikuwa mazito kuliko ile frigo. Yaya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kuku mweupe, akapiga magoti mbele ya Nkandu, akamweka kuku mikononi mwake. Mkubwa akampigia magoti mdogo! Nkandu akamwinua haraka, wote wawili wakaanza kulia, na kuku akipiga kelele katikati yao.

Wakati wa kuondoka, Yaya alitupa pia mfuko wa unga. Uliwekwa chini mbele ya watu wote. Nilijua wananitazama. Ule mdomo wangu wa zamani ukaamka. Nikaukaribia mfuko, nikaanza kuinama.

"Acha!" Nkandu akapaza sauti.

Nikasimama. Uso ukaniwaka. Nkandu akampa Yaya kuku amshikie, akaja upande wa pili wa mfuko, akapiga magoti vizuri, kifua mbele, kama aliyesoma na Chileshe.

"Babili," alisema, akinionyesha vidole viwili. "Piga magoti, Baba Kalenga."

Nikapiga magoti. Nilichelewa kidogo kushika mfuko, kwa sababu sikuona vizuri. Kisha tukauinua pamoja.