Ua Lililokwanguliwa

Mzee Gharibu alikutwa asubuhi amelala kifudifudi katika ukumbi mpya wa Baraza la Mji wa Kismayu, kofia yake imelowa damu. Ukutani ulikuwa umetundikwa ubao wake wa nakshi wa mita sita, wenye mashua saba. Saa nne ya asubuhi ile ile wakubwa walikuwa waje kuuzindua.

Inspekta Nasrudin alisimama mlangoni. Miaka kumi katika polisi, maiti ameona wengi, lakini huyu alimjua tangu utoto wake kisiwani Chula. Mzee Gharibu ndiye aliyeunda mashua ya nyumbani kwao, ile waliyoambiwa ilizama mwaka wa sitini na nne na kumchukua kaka yake Husseini na wenzake watatu. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na mama yao mpaka leo hajala samaki.

"Amekufa lini?" aliuliza.

"Jana alasiri," alijibu daktari wa polisi. "Mwili umekakamaa wote. Pigo moja la kisogoni. Silaha ndiyo hiyo nyundo ya mbao, ya kwake mwenyewe."

"Alipigana?"

"Hata kidogo. Aliyempiga alikuwa mtu wa kugeuziwa mgongo."

Nasrudin aliusogelea ubao. Kazi ilikuwa safi ya kukutoa machozi, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye omo ya mashua ya tatu, pale mbele kabisa, ua lilikuwa limekwanguliwa kwa patasi hadi mbao nyeupe ikaonekana. Na pembeni ya mikwaruzo, tone la damu iliyokauka. Marehemu alikuwa ameanguka hatua nane kutoka hapo.

"Damu hii si ya mzee. Chukueni sampuli."

Mji mzima ulishampata muuaji kabla ya chai. Baraza lilipotangaza kutafuta msanii wa kupamba ukumbi kwa pambo la kudumu, wawili walibaki mwisho: Mzee Gharibu, fundi wa mashua asiyejua hata maana ya neno mashindano, na Idarus, mchoraji aliyesomea Ulaya. Idarus alishashona suti ya ushindi. Kamati ikampa mzee. Mwezi mzima Idarus alizunguka mikahawani akitapika nyongo.

Idarus aliletwa kituoni.

"Ulikuwa wapi jana alasiri?"

"Nyumbani. Nimenuna."

"Ulisema utauchoma moto ule ubao."

"Nilisema! Na ningeuchoma, ningeuchoma wote, afande. Mtu mwenye wivu anakwangua ua moja?"

"Nionyeshe mikono."

Ilikuwa na rangi kwenye kucha, lakini mkwaruzo hata mmoja hapana. Na lile swali lake lilikuwa swali la haki. Nani aue mtu, kisha abaki kukwangua ua moja dogo kama ganda la chaza?

"Kaa hapo," alisema Nasrudin. "Nje watakurarua."

Mwalimu Barke, katibu wa kamati ya kuchagua, alikuja na jalada mkononi, macho yamemvimba.

"Mwalimu, pale kwenye omo ya tatu palikuwa na ua gani?"

"Sikulikariri. Lakini kila msanii alitakiwa alete mchoro wa kazi nzima kabla ya kura. Wa mzee ninao mimi, shuleni ndiko ninakoweka jalada. Huu hapa, na sahihi ya mwenyekiti wetu."

Nasrudin aliufungua. Akaitafuta mashua ya tatu. Akaiona, akainama karibu zaidi.

Mafundi wa ukoo wa Gharibu wana desturi yao. Ua la omo lina petali nane, na fundi huchonga saba tu. Ya nane huchongwa na mwenye chombo, kwa kisu chake, siku ya kukishua majini. Husseini siku ile mkono ulimtetemeka kwa furaha, petali yake ikapinda kama mdomo wa kasuku. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Hakuna mashua nyingine pwani yote yenye petali ile.

Na sasa ilikuwa mbele yake, imepinda vile vile. Chini yake mzee alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu: *Nimeiona Kiunga mwaka jana. Jina wamebadili, rangi wamebadili, ua ni lile lile. Alhamdulillahi, mashua ya Husseini haikuzama.*

"Niliyasoma hayo," alisema Barke kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni habari njema tu."

Nasrudin aliketi sakafuni, afande mzima na nyota zake. Haikuzama! Basi nani aliwaambia imezama? Mtu mmoja tu. Nahodha wake, aliyetokea Ras Kamboni peke yake, nguo zimechanika, akilia kama mtoto. Nahodha Aboud, siku hizi mfanyabiashara, kila Idi akimpelekea mama yao mchele. Aboud, mwenyekiti wa kamati.

Alikwenda na Barke na koplo mmoja, wakamkuta dukani kwake, amefungwa kitambaa cheupe kiganjani.

"Mkono una nini, ami?"

"Kopo la samli, mwanangu."

"Lilikukata jana?"

"Juzi... jana. Sikumbuki."

"Damu iliyo kwenye ubao imekwenda kupimwa. Hii ni sahihi yako?"

Aboud aliutazama mchoro. "Yangu."

"Uliukagua kabla ya kutia sahihi?"

"Karatasi zilikuwa nyingi. Niliona vimashua, nikasema huyu mzee wetu, apewe."

"Ukague sasa. Omo ya tatu."

Mzee mwenye heshima zake aliinama juu ya karatasi. Midomo ilimcheza. Alipoinua uso, haukuwa tena uso wa mtu wa kuswali safu ya mbele.

"Alinipitia jana nikautazame kabla ya wachu wengine," alisema. "Pale ukutani omo ile ni kubwa kama sinia. Akanionyesha huku anacheka. 'Nahodha, chombo chako ki hai! Kesho nitawaambia wachu wote.' Hakunishuku, Nasrudin. Wallahi hakunishuku. Alinigeuzia mgongo aende kuchukua kitambaa anifutie vumbi nione vizuri."

"Na nyundo ikawa mkononi mwako."

"Ikawa mkononi mwangu."

"Mashua uliiuza?"

"Niliiuza. Miaka tisa nilikuwa nahodha wa vyombo vya wengine. Husseini kijana mdogo, ananiamuru. Nilichoka kuitwa na kutumwa."

Nasrudin aliuliza swali lililobaki. "Na Husseini na wenzake, wao wane?"

Aboud alianza kuukunja mchoro.

"Ami. Na wao wane?"

"Niliwashusha kile kisiwa kitupu, kusini ya Chula, wakate kuni. Nikawaambia narudi alasiri."

"Kile hakina maji."

"Hakina."

"Uliwaachia maji?"

"Mtungi mmoja."

Barke, aliyekuwa amesimama mlangoni na jalada lake, alitoa mlio akatoka nje. Nasrudin alishika meza. Kisiwa kile kinaonekana kutoka uani kwao, ukisimama pale mama anapoanika nguo. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa. Wiki ile ile ya msiba walikaa uani, wamemzunguka Aboud, wakimpa pole, wakimlisha.

"Kulikuwa na moshi," alisema.

Aboud alijifunika uso kwa mkono wenye kitambaa. Machozi yalikuwa yakimtoka, na Nasrudin akatamani kumnyonga kwa mikono yake.

"Moshi kutoka kisiwani. Uliuona na wewe, ulikuwa umekaa na sisi. Nilimwambia mama, akasema ni wakata kuni, siku zote wapo. Hatukuwa na wa kumtafuta, ami. Wewe ulishatuambia wamezama."

Alizitoa pingu, akampa koplo amfunge Aboud.

"Siku tano tuliuona," alisema Nasrudin. "Siku ya sita haukuwapo, na mama akasema wale wakata kuni wameshakwenda kwao."