Kioo cha Kijani cha Verna Colby

"Tena!" Stroud alifoka. "Unaanguka kama gunia la viazi."

Verna akainuka sakafuni, akafuta damu mdomoni kwa kiganja.

"Clement, kofi la sinema huwa halipigwi kweli."

"Langu linapigwa."

Akamsukuma pembeni mwigizaji wa kiume, akampiga Verna yeye mwenyewe. Mlio ulifika hadi kwa mafundi wa taa kule juu. Hakuna aliyeshuka. Hata mimi, Emmett Pruitt, niliyempiga picha Verna katika filamu zake zote kumi na moja, sikubanduka kwenye kamera.

Clement Stroud alikuwa mwongozaji wa filamu zetu, na pia mume wa Verna. Hollywood nzima iliwaita ndege wawili wapendanao. Mimi nilizijua alama za vidole vyake shingoni mwa mkewe, maana kazi yangu ilikuwa kuzificha. Filamu zetu hazikuwa na rangi. Ukiweka kioo chekundu mbele ya kamera, wekundu wa ngozi unapotea. Ukiweka cha kijani, wekundu uleule unatoka mweusi kama lami. Kwa miaka miwili niliweka chekundu.

Jioni ile simu yangu ililia.

"Emmett, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Amekupiga tena?"

"Amenikaba mpaka nikaona giza. Nilimwambia nataka talaka."

"Nenda kwa Bwana Harkness. Studio ni yake."

"Nimeshakwenda mara mbili. Aliniambia, 'Verna, binti yangu, uliteleza bafuni.' Akanieleza na jinsi nilivyoteleza!" Akacheka, kisha akakohoa. "Nikiondoka bila ushahidi, mwenye kosa ni mimi. Safari ijayo ataniua, Emmett."

"Nitakuja kukuchukua sasa hivi."

"Hapana. Wewe ndiye umekuwa ukinificha."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Sikulaumu," akasema taratibu. "Lakini kesho acha kunificha."

Asubuhi alikuja na poda nyepesi tu. Stroud akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Shingo inaonekana, bosi," mpakaji poda akanong'ona.

"Kioo cha Emmett kitaifuta. Au siyo, Emmett?"

"Kama kawaida, bosi," nikajibu, nikachomeka cha kijani.

Kesho yake saa sita mchana tukaingia chumba cha maonyesho, kama ilivyokuwa desturi, kutazama kazi ya jana. Bwana Harkness alikuwa na wageni, wenye majumba ya sinema kutoka New York, waliokuja kuonyeshwa nyota wao. Taa zikazimwa.

Uso wa Verna ukajaa ukutani. Midomo myeusi. Na shingoni, vidole vinne upande mmoja, dole gumba upande wa pili, vyeusi kabisa.

"Mungu wangu," mgeni mmoja akasema. "Hiyo ni poda?"

"Siyo poda," Verna akasema gizani. "Mwenye mkono huo amekaa nyuma yako."

Stroud aliruka viti viwili. Alimdaka Verna shingoni palepale, vidole vikaingia kwenye nafasi zake, akambamiza ukutani katikati ya picha yake mwenyewe.

"Umeniaibisha! Mimi ndiye niliyekutengeneza, malaya wee!"

Nilinyakua mkebe wa chuma wa filamu nikampiga nao kichwani. Hakumwachia. Nikapiga tena. Verna akamzamishia meno kwenye kifundo cha mkono mpaka akalia kama mtoto. Pigo la tatu likamlaza. Taa zilipowashwa damu ilikuwa kwenye zulia na kwenye shati langu, na Verna alikuwa amepiga magoti, akitafuta pumzi.

"Ichomeni hiyo filamu," Harkness akaagiza.

"Thubutu," yule mgeni akasimama. "Tuko wanne, na wote tumeona. Nitasema mahakamani."

Harkness akamgeukia Verna. "Binti yangu, ukipeleka haya mahakamani, hutasimama tena mbele ya kamera yoyote mji huu. Umenielewa?"

Verna alinyanyuka kwa kushika kiti.

"Nimekuelewa. Na usiniite binti yako."

Akatoka, akaenda moja kwa moja polisi. Stroud alifungwa miezi minane. Simu za kazi hazikumlilia Verna tena, wala hazikunililia mimi; kamera yangu akapewa mtu mwingine. Baada ya wiki saba nikapata telegramu kutoka Reno, mji ambako talaka hutolewa upesi: TALAKA NIMEPATA. NJOO. NILETEE VIATU VYA KAHAWIA.

Tulifunga ndoa katika mahakama ileile iliyompa talaka. Nilimuuliza mlangoni, "Huniogopi? Miaka miwili nilikaa kimya."

"Nilikukasirikia sana," akajibu. "Bado kidogo. Ingia, karani anangoja."

Tuliishi pamoja miaka thelathini na moja, tukiuza miche ya maua mjini Fresno. Kuna siku aliniambia anaukumbuka ule ukimya kabla kamera haijaanza kuzunguka. Hakusema zaidi, akaendelea kumwagilia.

Amefariki Februari hii, usingizini. Kijana wa ofisi ya kuandikisha vifo aliniuliza kazi ya marehemu.

"Mwigizaji."

"Mzee, hapa imeandikwa muuza miche ya maua."

"Futa," nikamwambia. "Nitangoja."