Bakuli Halirudi Tupu

Supu ya kuku ilikuwa tamu, ila haikuwa na chumvi hata chembe. Asya aliinywa vivyo hivyo. Mzazi wa juzi hachagui, na aliyeileta alikuwa ameifunika kwa kawa safi, akaiacha mlangoni bila ya kupiga hodi, asije akamwamsha mtoto. Wema huo ulimgusa. Mumewe, Jabir, alikuwa Unguja kwenye kibarua, na mama mkwe, Bi Mize, alishinda shamba. Lakini kijijini Wingwi jirani hakosekani.

Bakuli la mtu halirudi tupu. Asya alilitia tende, akaliweka kizingitini. Alipotoka kuanua nepi, halikuwapo.

Kesho yake likaja tena, na keshokutwa. Asya akatia muhogo, akatia maandazi. Siku moja alisema kwa sauti, "Ahsante, mwenzangu!" Nje hapakuwa na mtu, jua kali, na bado pakanukia udongo ulionyeshewa mvua.

Kisha mtoto wake, Talib, akakataa ziwa. Hakulia; alikuwa ameshiba. Asya akamnusa kinywa, akasikia udongo ule ule, akaona tone la maziwa halijakauka shavuni, na yeye maziwa yake yamemjaa kifuani mpaka yanauma, na nyuma ya pazia kitanda cha kamba kikalia taratibu, kama mtu aliyemaliza kunyonyesha anavyoinuka kwa uangalifu ili mtoto asishtuke.

Bi Mize alimkuta amemkumbatia Talib.

"Mama, nani anatuletea supu?"

"Supu gani, mwanangu?"

Bi Mize alizunguka mtaa mzima kuuliza. Hakuna aliyepika. Hapo akamfuata Mwalim Msellem, anayewasomea watu wenye majini, akaja naye nyumbani.

"Ina chumvi?" aliuliza Mwalim, kwa sauti ya chini.

"Haina," Asya akajibu.

"Na bakuli unalirudisha na kitu?"

"Ningelirudishaje tupu, Mwalim?"

Mwalim akashusha pumzi. "Huyo ni jini, majini hawali chumvi, na amefiwa na mtoto. Kila ukimtilia kitu, ujirani unakaza. Ameshaanza kunyonyesha, kilichobaki ni kutoka na mwanao. Leo mrudishie tupu. Usimshukuru, usimwitikie."

"Lakini huo ni utovu wa adabu."

"Basi kuwa mtovu wa adabu, weye!" Bi Mize alinong'ona kwa ukali. "Adabu utaifanya mtoto akiwapo!"

Baada ya magharibi bakuli likawekwa tupu, mlango ukafungwa, Mwalim akaanza kusoma. Walisikia likiinuliwa, likiwekwa chini, likiinuliwa tena, kama mtu anayepapasa ndani yake haamini, halafu kilio kikaanza, kilio cha mwanamke hasa, kikaizunguka nyumba polepole na kusimama kwenye dirisha alipolala Talib.

"Mwenzangu," ikasema sauti laini, "nimekukosea nini?"

Kinywa cha Asya kikafunguka. Bi Mize akakiziba kwa kiganja.

Mwalim alisoma mpaka sauti ikateremkia bonde la mpunga, mbali, mbali zaidi. Hapo Talib akaamka, akalia kwa njaa. Asya akampa ziwa, naye akalivamia kwa pupa. Kule bondeni bado mtu alikuwa analia. Asya akauma upindo wa kanga na kuyameza machozi yake, maana Mwalim alikuwa amemtazama, akatikisa kichwa: machozi nayo ni jibu.