Galoni ya Baba

Kila Jumamosi asubuhi Jacklyne huosha bafu la nyumba yao huko Kinoo kabla ya kutoka kucheza. Jumamosi hiyo mama yake, Philister, alimwonya akielekea mazoezi ya kwaya: "Usiguse hiyo galoni. Daktari anataka mkojo wote wa baba yako tangu jana, usipungue hata tone."

Baba yake, Mzee Wesonga, ni fundi wa kujenga. Maumivu ya ubavuni yalikuwa yamemkunja, hata akashindwa kupanda ngazi kazini. Sasa alikuwa chumbani, akigumia.

"Jackie, si ukuje! Tunakungoja turuke kamba!" rafiki yake Wamucii aliita nje.

Jacklyne akafagia mbiombio. Ufagio ukaigonga galoni, ikapinduka, na kifuniko kikatoka. Alipoiinua, nusu ya mkojo ilikuwa imeshaingia kwenye shimo la maji machafu. Amwambie baba? Angekaripiwa! Basi mjanja wetu akajiambia kwamba mkojo ni mkojo tu. Akaongeza wake, na ulipokosa kutosha, akamalizia kwa maji ya mfereji. Siku hiyo kila aliporuka, kamba ilimnasa miguu.

Jumatatu galoni ilipelekwa hospitalini, huko Upper Hill. Majibu yalipokuwa tayari, Jacklyne alimsindikiza baba yake, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa.

"Mzee Wesonga, tulipima chumvi za kalsiamu kwenye mkojo wako," Daktari Kaloki alisema. "Zikizidi, hutusaidia kushuku kwamba figo zina mawe. Zako ni kidogo sana. Nitakupa dawa ya misuli, urudi kazini."

"Mungu ni mwema," baba alisema. "Labda ni uzee tu." Alipojaribu kusimama, alishika meza kwa mikono miwili, jasho likamtoka.

Jacklyne hakuweza kuvumilia tena. "Daktari, huo si mkojo wa baba! Ni wangu pia, na maji. Niliumwaga!" Akaangua kilio.

Baba alimgeukia. "Mama," alisema taratibu, jina analomwita akimpenda, "ulinisikia nikilia na maumivu, ukanyamaza?"

Afadhali angemchapa. Jacklyne aliona aibu hata akatamani kujificha chini ya meza.

Mkojo ulikusanywa upya, na safari hii Jacklyne ndiye aliyeilinda galoni. Chumvi zilikuwa nyingi. Daktari akaagiza picha, na jiwe likaonekana kwenye figo ya kushoto. Baba alipewa dawa na kuambiwa anywe maji mengi.

"Kumwaga ni ajali, hata mimi humwaga," Daktari Kaloki alimwambia Jacklyne. "Kosa ni kuficha. Ungesema siku ileile, tungeanza upya tu. Kidogo nimpe baba yako dawa isiyo yake. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

Jioni hiyo Jacklyne alimpelekea baba yake maji. Mzee Wesonga akainua gilasi, akaichungulia.

"Haya, sema kweli. Umeweka nini humu?"

"Maji tu, baba. Nimeyachemsha," Jacklyne alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Nakuamini," baba alisema, akayanywa yote.