Mashine Iliyonusa Kibuyu

Bhoke alikuwa na ng'ombe wawili. Kila jioni, kabla ya kukamua, alifukiza kibuyu cha maziwa. Alichukua kijinga cha moto, akakitia ndani ya kibuyu, akatikisa. Moshi ulitoka, kibuyu kikanukia vizuri. Kazi hiyo aliifanyia kwenye kona ya sebule, upepo usimsumbue.

Mwanawe, Waitara, alikuwa mchimbaji. Miaka ile vijana wa kijiji chao, huko Tarime, walizungumzia dhahabu tu, wakila na wakioga. Waitara alirudi saa kumi na mbili jioni, mwili mweupe kwa vumbi. Kiroba cha mawe alikitua kwenye kona ileile. Puu!

Siku moja binti wa Bhoke, Elieth, alikuja kusalimia. Alifanya kazi kambi ya watalii kule Robanda. Alileta kidude cheupe cha mviringo, kama kisahani, chenye taa ndogo nyekundu.

"Ni cha usalama, mama. Kinalinda nyumba."

Alikifunga juu ya kona, akakimbilia basi. Hakueleza zaidi.

Jioni hiyo kidude kililia. Pii! Pii! Pii! Kuku walitawanyika. Mbwa alikimbilia migombani.

Waitara aliganda pale kwenye kona. "Mama, umesikia? Nimetua kiroba tu, kikalia!"

"Nimesikia. Hata watu wa Sirari, kule mpakani, wamesikia."

"Kule machimboni kuna mtu ana mashine ya kutafutia dhahabu. Inalia hivihivi. Hiki kimenusa mawe yangu!"

Kesho yake kililia tena. Keshokutwa tena. Waitara akawa anakiamkia akiingia: "Shikamoo, mzee."

Wiki ya tatu, mchana, kidude kilitoa sauti nyingine. Pi. Kikanyamaza. Baada ya muda, pi.

Waitara alisimama. "Leo sina kiroba. Mawe yote yako kwa mtwangaji. Basi dhahabu iko hapa chini, ndani ya nyumba!"

Akachukua sululu.

Bhoke alisimama kwenye kona. "Mura, kijana wangu, ukuta huu ni wa matofali mabichi. Ukichimba hapa utaanguka. Nimeuza maziwa miaka sita kuijenga nyumba hii."

"Nikipata nitakujengea ghorofa."

"Ghorofa unaiona wewe. Mimi naona shimo."

Waitara alimzunguka, akapiga pigo la kwanza. Saruji ya sakafu ilipasuka mpaka kwenye msingi.

Kwenye nyumba ya jirani alikuwepo Shamimu, fundi umeme kutoka Tarime mjini. Alisikia kishindo na kelele, akaja.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone huyu anayezika nyumba yangu."

Waitara alieleza yote, sululu mkononi. Shamimu hakumcheka. Alipanda kwenye stuli, akatoa hereni yake ya dhahabu, akaigusisha kwenye kidude. Kimya. Akaisugua kushoto, akaisugua kulia. Kimya.

"Hii ni dhahabu, kaka. Mbona hakiijui?"

Waitara aliiweka sululu chini.

"Mama, jioni huwa unafanya nini hapa?"

"Nafukiza kibuyu."

"Hebu fukiza."

Bhoke alileta kijinga. Moshi mwembamba ulipanda. Pii! Pii! Pii!

"Hiki ni king'ora cha moshi," Shamimu alisema. "Kinanusa moto kabla hujauona."

Alikishusha, akakifungua kifuniko. Wote watatu waliinama.

"Ndani mna chumba kidogo cha giza. Mna mwanga unaopita, na mna jicho. Mwanga haulipigi jicho, unapita pembeni. Moshi ukiingia, unautawanya mwanga. Mwanga kidogo unalifikia jicho, nalo linapiga kelele."

"Jicho linalokaa gizani likingoja moshi," Bhoke alisema polepole. "Mungu wangu! Na mimi nilikuwa nalifukizia kila siku."

"Lakini jicho halitofautishi moshi wa kibuyu na moshi wa nyumba inayoungua. Hata mvuke wa chungu linaudhani ni moshi. Hata vumbi." Alipitisha brashi laini. Vumbi jeupe la machimbo lilianguka, na buibui mdogo akatoka mbio. "Hata huyu."

"Na ile pi moja?" Waitara aliuliza kwa sauti ndogo.

"Njaa. Betri inakwisha."

Aliweka betri mpya, akakihamishia kwenye boriti ya katikati, karibu na milango ya vyumba, mbali na jiko. Akawaonyesha kitufe cha kujaribia.

"Bonyezeni kila mwezi. Futeni vumbi. Kikiwasumbua, tafuteni sababu. Msikitoe betri. Asiyesikia kelele za bure, siku ya kweli hasikii pia."

Waitara aliziba ufa kwa saruji. Bhoke alihamishia kibuyu nje, chini ya ukingo wa paa. Viroba vikakaa uani. Nyumba ilitulia miezi miwili.

Jumamosi moja mchana, Bhoke akianika udaga wa muhogo uani, king'ora kililia. Alitazama. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa. Hapakuwa na jiko lililowashwa. Waitara alikuwa amelala na kofia yake ya sufu kichwani, maana alikesha shimoni usiku kucha.

"Waitara! Toka!"

Alitupa ungo, akakimbia. Waitara alishatoka chumbani akikohoa. Tochi yake ya kichwani ilikuwa ikichajiwa juu ya godoro, na godoro lilikuwa likifuka moshi. Bhoke alizima umeme kwenye swichi kuu. Waitara aliliburuta godoro hadi uani. Lilipofika nje ndipo moto ulipowaka, mrefu kuliko mtu.

Walisimama mbali, wakalitazama likiisha.

"Mama, sikusikia harufu yoyote," Waitara alisema. "Moshi ulikuwa hapa, usoni kwangu."

"Mtu akilala, na pua yake inalala."

Waitara alirudi ndani. Akasimama chini ya boriti, akakitazama kile kidude kisichofika upana wa kiganja. Taa yake ilikuwa ikipepesa polepole.

"Chenyewe hakilali," alisema.

Akavua kofia, kama mtu anayemwamkia mzee.