Ufito wa Mwanzi Mbichi

Kila asubuhi Anyisile alichota maji ndoo mbili, akafagia uwanja, kisha akashika njia ya shuleni kupitia mashamba ya mpunga ya Ndandalo. Njiani ilikuwapo mifereji saba. Wenzake walivuka kwa kukanyaga magogo. Yeye aliiruka yote.

"Msichana huyu ana siafu miguuni!" walisema kina mama waliokuwa wakipalilia.

Wiki ile siafu walizidi. Siku ya Ijumaa lori lingeondoka kwenda Mbeya kwenye mashindano ya mkoa, na shule ilikuwa na nafasi moja tu ya msichana wa kuruka juu. Mlangoni mwa ofisi palibandikwa karatasi: Anyisile Ambwene, darasa la sita, mita moja na sentimita thelathini. Kila alipoipita alitembea upesi, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa.

Mambo yalianza Jumamosi, siku ya mchujo. Walikuwa wamebaki wawili, yeye na rafiki yake Naomi, na wote walikuwa wameruka mita moja na ishirini na nane. Kwenye thelathini Naomi aliuangukia ufito mara ya tatu, nao ukavunjika. Zamani shule ile ilikuwa na ufito wa chuma na godoro la sponji la kuangukia. Wakubwa wanakumbuka. Vilipochakaa, hakuna aliyeleta vingine. Kisha mashine ya kukoboa ya ushirika ikauzwa, ikapata mwenyewe, na hata pumba za mpunga, zilizokuwa za bure, zikapata mwenyewe. Watoto wakaachiwa mwanzi, na kichuguu cha pumba walizookota wenyewe.

"Nani atakimbia kutuletea mwanzi mwingine?" aliuliza Mwalimu Ambrose.

Anyisile alichomoka. Baba yake, Mzee Ambwene, alijenga nyumba za mianzi, na nyumbani juu ya meko ilikuwapo mianzi iliyokaushwa kwa moshi, iliyonyooka kama kamba iliyovutwa. Lakini nyumbani ni mbali na mtoni ni karibu. Akakata mbichi.

Ulipowekwa juu ya nguzo, mwanzi ule ulibonyea katikati kama mgongo wa ng'ombe mzee. Mwalimu Ambrose alipima kwenye nguzo. "Thelathini!" akatangaza. Anyisile, mtoto wa fundi, aliona. Akanyamaza, akakimbia, akaruka palepale penye bonde. Shule nzima ikapiga kelele.

Jumatano Mzee Ambwene alikuja kuziba ukuta wa darasa, maana wazazi walikuwa wameambiwa fungu hakuna, wajenge wenyewe. Akauona ufito uwanjani.

"Nani amekata mwanzi huu?" akacheka. "Huu haubebi hata kuku!"

"Anyisile, baba yako anautukana ufito wako wa ushindi," Naomi alitania. Kisha akamtazama. "Mbona unatikisa mguu? Hujatulia tangu Jumamosi."

"Nimechomwa na mwiba."

"Lete mguu." Naomi alipiga magoti, akaushika wayo wa mwenzake, akaupangusa kwa sketi yake na kuanza kutafuta. Alitafuta kwa makini, kidole kwa kidole. "Mbona siuoni? Umeingia ndani sana?"

Anyisile akauvuta mguu wake. "Haumo," alisema, akaondoka mbio kwenda ofisini.

Mwalimu Marystella alikuwa akisahihisha madaftari. Alitoka mkoa wa mbali, alichechemea kwa sababu ya goti la kushoto, na ujanani aliwahi kuruka juu akiwa amevaa jezi ya Taifa.

"Shikamoo, Mwalimu. Ile thelathini si thelathini."

"Marahaba. Si thelathini kivipi?"

"Mwanzi ulibonyea. Niliona, nikanyamaza."

Mwalimu alichukua tepu, akamwita mwenzake Ambrose, akapima katikati ya ufito. Mita moja na ishirini na tatu.

"Lakini jina limeshafika wilayani," Mwalimu Ambrose alinong'ona. "Tutaonekana wazembe. Nani atajua?"

"Tumeshajua watatu. Kesho asubuhi watarudia."

Alhamisi Mzee Ambwene alileta mwanzi mkavu wa moshi. Hakumgombeza binti yake. Aliuweka mwenyewe juu ya nguzo, akaukagua kwa jicho moja, akaitikia kwa kichwa. Mwalimu Marystella alipima katikati. Ishirini na nane, wote wakapita. Thelathini, Anyisile aliuangusha kwa kisigino mara tatu. Naomi, kwenye jaribio lake la pili, aliugusa, ukatetemeka, ukatetemeka, ukakaa.

"Ndaga!" alipiga kelele Naomi, akimshukuru nani haijulikani, kisha akaona uso wa rafiki yake, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Ambrose alienda kubandua karatasi na kuandika jina la Naomi. Anyisile alibaki amekaa kwenye pumba, machozi yakimdondoka. Mwalimu Marystella akaketi kando yake, goti likilia.

"Mwaka mmoja nilipimiwa mita moja na sabini na nne," alisema. "Ufito ulikuwa umelegea. Mimi niliona. Wapimaji nao waliona, ila walitaka namba ya kusoma kwenye ripoti. Nikapanda ndege kwenda ng'ambo. Kule walianzia sabini. Nikauangusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wale waliotaka namba hawakuwapo. Nilikuwa peke yangu, mbele ya uwanja uliojaa watu."

"Ukafanyaje, Mwalimu?"

"Nilirudi nikaanza upya kutoka kimo changu cha kweli. Miaka miwili baadaye niliruka sabini na sita, na hiyo ni yangu mpaka leo, hata kama goti limekwisha. Sikiliza, mwanangu. Wakubwa wakikunyima godoro, dai godoro, tena kwa sauti. Lakini usijidanganye mwenyewe. Kimo cha uongo hakina mahali pa kuangukia. Wewe umesema kabla ya lori kuondoka. Mimi sikusema."

Kesho yake lori liliondoka na Naomi, akipunga mkono mpaka vumbi likamficha. Anyisile alirudi uwanjani. Ufito mkavu ulikuwa bado uko pale, kwenye ishirini na nane. Kwa mara ya kwanza wiki ile miguu yake ilikuwa imetulia kabisa.

Kisha ikaanza kumuwasha tena. Akausogeza ufito juu, akapima katikati, akarudi nyuma hatua tisa.