Thieta ya Mwalimu Revelian

Kila Jumamosi, ikikaribia saa kumi alasiri, Mwajabu alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Alifagia sebule, akatandika mkeka mbele ya televisheni, kisha akasimama mlangoni kugawa nafasi. Watoto wa mtaa wao kule Madale walipanda kilima kwa makundi, wakavua ndala na kumsubiri aamue.

"Wewe mbele. Wewe kaa pembeni, jana ulininyima kamba ya kurukia."

Televisheni ile bapa, aliyoinunua baba yake, Mashaka, ilikuwa ya kwanza mtaani. Mwajabu, msichana wa darasa la sita, aliitawala kama vile ameizaa yeye.

Kisha watoto wakaanza kupungua. Jumamosi moja wakabaki watatu, na mmoja wao alikuwa amelala.

"Wengine wako wapi?" Mwajabu aliuliza.

"Kwa kina Auleria," alijibu Jabiri, mvulana mwenye mdomo mwepesi kuliko wote mtaani. "Baba yake anafunga hom thieta, sinema ya nyumbani. Mie mwenyewe naondoka, nimeahidi kumshikia waya."

Auleria alikuwa jirani yao na mwanafunzi mwenzake Mwajabu. Baba yake, Mwalimu Revelian, alitoka Bukoba na alifundisha sayansi sekondari. Kwa miezi minane alikuwa akikusanya vitu vyake kidogo kidogo: amplifaya iliyokwisha kutumika, spika zilizochanika ambazo alizitengeneza kwa mkono wake, na mbao nyepesi alizozikata kila Jumapili baada ya kanisa ili atengeneze maboksi ya spika hizo. Hata trei tupu za mayai aliziomba kwa wauza chipsi, akazibandika ukutani ili sauti isirudi kwa mwangwi. Mwajabu alikuwa amemcheka sana. "Baba yako siku hizi anaokota takataka?" alimwuliza Auleria siku moja mbele ya watu. Sasa takataka zilikuwa zimegeuka kitu, na kicheko kilimkauka.

Shuleni ikawa habari ni hiyo tu. Wakati wa mapumziko wasichana walimzunguka Auleria kumsikiliza.

"Spika mbili mbele, mbili nyuma, moja katikati, na sabufa chini sakafuni," Auleria alihesabu kwa vidole. "Mvua ikinyesha kwenye filamu, utashika kichwa uone kama umelowa! Tunafungua Jumamosi saa kumi. Na wewe uje, Mwajabu. Nimekuwekea nafasi mbele."

Auleria alisema kwa moyo mweupe kabisa, lakini maneno yale yalimchoma Mwajabu. Nafasi mbele! Yeye aliyezoea kugawa nafasi, leo awekewe na mtu! Siku nzima hesabu hazikumwingia kichwani. Jioni alikaa mbele ya televisheni yao, akaiona imekuwa ndogo, na sauti yake nyembamba kama ya mtu mwenye mafua.

"Baba, na sie tununue sabufa," alisema.

"Kwani hiyo haisikiki?" baba yake aliuliza, akaendelea kula.

Wivu ni kitu cha ajabu. Mwajabu hakuwa amepungukiwa na chochote. Alikuwa na alichokuwa nacho juzi na jana. Lakini kila alipomwona Auleria akipita na furaha yake, roho ilimuuma kama ameibiwa.

Jumamosi ikafika. Tangu asubuhi watu waliingia na kutoka kwa Mwalimu, huyu na ngazi, yule na kigoda. Bibi yake Mwajabu alikuwa kibarazani akichambua mchele. Majirani walimwita Mama Mashaka, na hakuna mgonjwa Madale ambaye hakutembelewa naye. Yeye ndiye aliyepeleka habari za ugonjwa nyumba kwa nyumba, na wanawake wakamfuata kwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Mjukuu wangu, kwa Mwalimu kuna nini leo?"

"Thieta, Bibi," Mwajabu alijibu kwa uchungu. "Leo ndiyo siku ya thieta."

Ungo ulimponyoka Bibi, mchele ukamwagika. Kwa Bibi thieta ilikuwa moja tu, ile ya hospitali, chumba anachoingizwa mtu kupasuliwa.

"Mwalimu anaingizwa thieta? Maskini! Juzi tu kanisalimia hapa. Anapasuliwa nini?"

Mwajabu angeweza kucheka na kumweleza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini papo hapo aliona kitu kingine: mtaa mzima kimya, watoto wakifukuzwa, Auleria na spika zake sita bila mtazamaji hata mmoja.

"Sijui, Bibi," alisema akiangalia pembeni. "Tumbo, labda."

Bibi hakungoja. Alibandika uji wa ulezi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akajifunga khanga mbili, akatoka na miguu yake inayouma. Alimpitia kwanza Mama Najat, mwenye genge la mboga, naye akafunga genge. Kufika saa kumi walikuwa wanawake saba. Watoto waliokuwa wamejipanga nje kwa Mwalimu walikemewa.

"Nyumba ina mgonjwa, nyie mnapiga kelele? Haya, makwenu!"

Watoto walitawanyika wasijue la kufanya. Mwajabu, akiwafuata wanawake kwa mbali, alifurahi mpaka akauma kidole asicheke. Furaha ile haikudumu hata dakika tano.

Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu Revelian alikuwa juu ya kigoda, amebana bisibisi kwa meno, anatundika spika. Alishuka haraka.

"Shikamoo, Mama. Shikamooni, mama zangu. Karibuni."

"Marahaba, baba. Mbona umesimama? Si ulale?"

"Nilale, Mama?"

"Na thieta je? Wamekuahirishia?"

Mwalimu alimtazama, akazitazama spika, akaelewa. Alijitahidi sana asicheke. "Thieta yenyewe ndiyo hii, Mama. Ya kusikilizia filamu."

Kicheko kilianzia kwa Jabiri dirishani, kikawashika wanawake mmoja baada ya mwingine. Bibi alibaki katikati ya sebule ameshika chupa yake ya uji, hajui aiweke wapi.

"Mama Mashaka, umenifungisha genge langu bure!" alisema Mama Najat, naye hakuwa akicheka.

"Nisameheni," Bibi alisema polepole. "Ni masikio yangu. Uzee huu."

Mwajabu alikuwa mlangoni. Ilikuwa nafasi yake ya kusema, naye akanyamaza.

Kuanzia siku ile Jabiri na wenzake wakampa Bibi jina jipya. "Bibi Thieta, shikamoo!" walisema wakipita, kisha wakakimbia wakicheka. Bibi akaacha kukaa kibarazani. Jumatatu alimwambia Mama Najat kwamba mjukuu wa jirani yao mmoja ana homa kali, na Mama Najat akajibu, "Ngoja tuhakikishe kwanza." Bibi alirudi ndani, akakaa kitandani bila kuvua khanga. Mwajabu aliyaona yote hayo.

Jumatano, aliporudi kutoka shule, alimkuta Bibi amevaa tayari kutoka.

"Nisindikize zahanati, mjukuu wangu."

"Unaumwa, Bibi?"

"Nataka wanipime masikio. Siku ile nilisikia ukisema 'tumbo'. Nilisikia wazi kabisa. Sasa kama masikio yanatunga maneno yenyewe, si ugonjwa huo?"

Hakuwa akimtega. Macho yake yalikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu anayeanza kujitilia shaka. Mwajabu alijitupa miguuni pake akilia.

"Masikio yako mazima, Bibi! Nilisema tumbo. Nilijua umeelewa vibaya, nikakuongopea. Nilimwonea wivu Auleria. Nilitaka wasipate watu."

Bibi alimwinua. Alivua khanga ya juu, akaikunja, akaiweka kando.

"Ukaniacha nidharauliwe na kuchekwa siku nne," alisema. "Mie nimekusikia, na nimekusamehe. Lakini walionicheka hawamo humu chumbani."

Jumamosi iliyofuata sebule ya Mwalimu ilijaa pomoni, watoto chini, wazazi nyuma wamesimama, na Bibi, aliyeombwa na Mwajabu aje, kitini kando ya ukuta. Mwajabu alikuwa amekwenda mapema kumweleza Mwalimu na Auleria kila kitu. Auleria alimpa mgongo, akaondoka. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akachomeka maiki kwenye amplifaya na kumpa.

"Sema hapa, wasikie mpaka wa nje."

Mwajabu aliishika kwa mikono miwili. "Siku ile Bibi yangu hakukosea kusikia," alisema, na sauti yake ikatoka kila upande wa chumba, nzito na kubwa, akashtuka mwenyewe. "Mimi nilimdanganya. Nilimwambia kwamba Mwalimu anapasuliwa, kwa sababu ya wivu. Bibi alibeba lawama yangu. Naomba msimwite tena lile jina."

Jabiri aliinamisha kichwa. Mama Najat alijipenyeza kati ya watoto hadi alipokuwa Bibi, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, Mama Mashaka. Nilikuvunjia heshima."

"Yamekwisha, mwanangu," alisema Bibi, kisha akapaza sauti. "Mwalimu, washa basi hiyo thieta yako, utupasue sote!"

Watu walicheka, na safari hii Bibi alicheka pamoja nao. Auleria alisogea kidogo kwenye mkeka. Hakutabasamu, lakini palibaki pengo la mtu mmoja, na Mwajabu akakaa.

Filamu ilipokwisha, Mwalimu Revelian alimwita Mwajabu wasaidiane kuviringisha waya.

"Unajua nilianzaje kuunganisha spika hizi?" aliuliza. "Mwalimu mwenzangu anakaa Kawe. Nilikwenda kwake, nikasikiliza muziki wake, nikarudi nimenuna wiki nzima. Mke wangu shahidi. Wivu ulinishika mimi mtu mzima."

"Ukafanyaje, Mwalimu?"

"Nikamwendea nikamwuliza anafungaje. Akanifundisha. Wivu utakuja tena, Mwajabu, usidhani umekwisha leo. Ukija, nenda kwa huyo unayemwonea, umwulize amefanyaje. Ukikaa nao peke yako utakushauri uongo, na uongo hauchagui wa kumwumiza. Wewe ulimlenga Auleria, ukampata bibi yako."

Mwajabu aliviringisha waya wa mwisho. Aliaga, akatoka kumfuata Bibi, aliyekuwa amesimama getini na Mama Najat.

"Mama Mashaka," Mama Najat alikuwa akisema, "yule mtoto mwenye homa bado yuko kitandani. Tunakwenda lini kumwona?"

Bibi alijinyoosha mgongo, akajifunga khanga vizuri.

"Kesho saa nne," alisema. "Waambie na wengine nimesema mimi."